Damu Iliyoshushwa Kisiwani

Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi, jua la Same likiwa limeshaanza ujeuri wake, Mkaguzi wa Polisi Fadhila alivuta pazia la ofisi, akatundika kofia yake pana msumarini, akamgeukia Koplo Wilbard.

"Shikamoo."

"Marahaba, afande," alijibu Wilbard huku akipiga saluti. Hivyo ndivyo walivyoamkiana kila siku. Yeye alimpigia saluti kama mkubwa wake wa kazi, Fadhila akamwamkia kama mkubwa wake wa umri, na heshima ikawa sawa pande zote.

"Koplo, niambie ukweli, sitakasirika. Ile shuka uliianika wapi?"

Wilbard alishusha mkono polepole. Alikuwa na miaka hamsini na sita, tumbo la heshima, na sifa ya kutunza vielelezo kuliko watu wengine wanavyotunza vyeti vya ndoa.

"Shuka ipi?"

"Ya Mhezi. Yenye damu."

"Niliianika chumba cha vielelezo, ndani, kwenye kamba. Chumba chenyewe hakina hata dirisha. Ilipokauka nikaitia kwenye bahasha ya karatasi, nikaandika tarehe na saa."

"Hukuitoa nje hata dakika tano? Juu ya boneti ya gari? Juu ya ua?"

"Afande!" Sauti ya Wilbard ilipanda mpaka mtu wa kaunta akachungulia. "Mimi nianike kielelezo juu ya ua, kama suruali?"

Fadhila alicheka, akamwomba radhi, akavuta kiti. "Basi. Nilitaka uniambie hivyo hivyo. Maana kama wewe hukuianika juani, mtu tuliyemweka ndani jana si mwizi."

Mambo yalikuwa hivi. Wiki tatu nyuma, kule Mhezi milimani, stoo ya kanisa ilivunjwa na tarumbeta kubwa la besi likaibwa, dude la shaba ambalo mtu mmoja akilibeba hana nafasi ya kubeba kitu kingine. Kioo cha kidirisha kilichoko kando ya mlango kilikutwa kimepasuliwa, ikaonekana mwizi alipenyeza mkono akafungua komeo la ndani. Kwenye vipande vya kioo ilining'inia shuka nyeupe yenye damu. Aliyeikuta alikuwa mzee Loth, mshika ufunguo wa stoo, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyelipuliza besi lile kwa miaka arobaini na moja. Katika maelezo yake alisema damu ilikuwa mbichi, inadondoka.

Shuku zote zilimwangukia Yunus, mfanyabiashara wa tangawizi wa Kisiwani, kule chini tambarare. Siku moja kabla alikuwa Mhezi. Alikuwa ametania mbele ya watu kwamba dude lile wauza chuma chakavu wakiliona watalia kwa furaha. Na alikuwa na kidonda kipya kwenye dole gumba. Alisema alijikata akikata tangawizi, kituo kizima kikacheka. Wakampangusa mate mdomoni kwa kijiti cha pamba, wakamwacha aende nyumbani. Jumatatu ya wiki hii majibu ya maabara yakarudi: damu ni yake. Jumatano akakamatwa. Kesho, Ijumaa, alikuwa afikishwe mahakamani.

Na keshokutwa, Jumamosi, ilikuwa nikaha ya Salha, binti yake wa pekee. Salha alikuwa amekuja kituoni jana hiyo hiyo, macho makavu, akasimama mbele ya kaunta akasema, "Mimi siolewi baba yangu akiwa ndani. Andikeni hivyo." Upande wa bwana harusi walikuwa wameshaanza kupiga simu kuuliza kama shughuli bado ipo, na wanaouliza hivyo mara nyingi huwa wameshajijibu.

Majibu ya maabara yalikuwa na kurasa nne. Watu wote kituoni walisoma ukurasa wa kwanza wakafurahi. Fadhila alisoma mpaka wa nne.

Akaweka simu mezani, akafungua spika, akampigia Ummy, mkemia aliyeipima ile shuka.

"Ummy, nieleze kama vile unamweleza koplo wangu."

"Koplo anasikia?"

"Anasikia, na kalamu anayo."

"Haya, Koplo. DNA ni uzi mrefu ulioandikwa kwa herufi nne tu. Katikati ya shuka, uzi wa huyu bwana tunausoma kidogo halafu tunakwama. Vipande vifupi vinasomeka, virefu havisomeki. Lakini kwenye pindo, pale kitambaa kilipokunjwa na kushonwa, damu ilipenya ndani, na huko tumeusoma wote mwanzo hadi mwisho. Ni damu ya mtu mmoja, siku moja. Katikati imeharibika, pindoni ni nzima."

"Imeharibiwa na nini?" Fadhila aliuliza.

"Maadui ni wengi. Unyevu unaukata uzi. Kuvu inaula. Joto, dawa ya madoa. Na jua. Jua lenyewe lina mtindo wake. Zile herufi T mbili zikikaa jirani, miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ikizipiga, zinagandana ubavu kwa ubavu. Kaboni mbili za huku na mbili za kule zinashikana, zinatengeneza kiumbo cha pembe nne ambacho hakikuwapo. Ukifika hapo kusoma, unakwama, kama zipu iliyouma nguo."

Wilbard aliacha kuandika. "Na mtu mzima mzima je? Mimi nimekaa juani miaka hamsini na sita, mama."

"Wewe una mafundi mwilini, Koplo. Kuna vimeng'enya vinazunguka kutwa kucha, vikikuta herufi zimegandana vinakata kile kipande vinaweka kipya. Shida inakuja mafundi wakizidiwa. Seli inanakili kosa, inaligawa kwa watoto wake, makosa yakirundikana ndipo saratani ya ngozi inapoanzia. Mkaguzi wako hilo analijua."

Fadhila alilijua. Alizaliwa na ualbino, ngozi isiyo na ile rangi inayowazuilia wengine miale, na miaka sita iliyopita daktari alimkata kidoa shingoni akamweleza hayo hayo kwa mchoro kwenye karatasi. Tangu siku hiyo alitembea na kofia, mwavuli, mikono mirefu na chupa ya mafuta ya kujikinga. Hakulipenda jua hata kidogo, na hakuona haya kulisema mbele ya watu.

Akakunja mkono wa gwanda lake mpaka juu ya kiwiko. "Koplo, tazama. Mgongo wa kiganja hiki umejaa madoa. Huku juu, safi. Mkono ni mmoja, tofauti ni nguo. Sasa, shuka ingeharibiwa na unyevu, pindo lingesalimika?"

Wilbard alifikiri. Alikuwa mjane, nguo zake alifua mwenyewe. "Hapana. Pindo ndilo linalokauka mwisho. Suruali ikinuka, inaanza kunuka pindoni."

"Ummy, umemsikia mtaalamu?"

Mkemia alicheka upande wa pili. "Namwajiri leo leo. Fadhila, ndiyo maana jana nilirudia kipimo. Nina kimeng'enya kinachojua kazi moja tu, kuachanisha zile T zilizogandishwa na mwanga. Uzi uliokatwa na unyevu hakiushughulikii kabisa. Nimekiweka kwenye damu ya katikati ya shuka. Zaidi ya nusu ya kilichokuwa hakisomeki kimesomeka. Hiyo ni kazi ya jua. Na si jua la kupita. Damu ya kwenye kitambaa imekufa, haina fundi, kila siku ya jua inaongezwa juu ya ile ya jana. Idadi siwezi kukuapia, lakini ni siku, si saa."

Simu ilikatika.

"Shuka ilionekana Jumanne saa kumi na mbili asubuhi," Fadhila alisema. "Saa nne ilikuwa mikononi mwako. Mhezi kulikuwa na jua siku hiyo?"

"Afande, Mhezi siku hiyo nilikanyaga kuku nikidhani ni jiwe. Ukungu."

"Basi siku za jua zilipatikana wapi? Niletee maelezo ya mama Esta."

Esta alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama wa tangawizi, ambao shuka zao zilitunzwa kwenye stoo ile ile. Maelezo yake yalikuwa mafupi, kwa mwandiko mzuri wa Wilbard: *Shuka za kikundi zilishushwa Jumatatu ya wiki iliyotangulia wizi. Zilirudi stoo Jumatatu, siku moja kabla ya wizi.*

"Zilishushwa kutoka wapi?" aliuliza Fadhila.

"Darini, nadhani. Au rafuni."

"Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza. Kitu kinachoshushwa kinashushwa kutoka juu, afande."

"Kwenu wapi, Koplo?"

"Songea."

"Na mimi Singida. Chukua picha za ile shuka. Tukawaulize wenye lugha yao."

Gari lilipanda mlima kwa gia ya pili. Nusu saa ya kwanza ilikuwa vumbi na miiba, halafu migomba, halafu ukungu ukashuka ukaufunika mlima mzima. Fadhila alitupa kofia kiti cha nyuma na kushusha kioo. Hapo ndipo alipoweza kutembea kichwa wazi mchana kweupe bila kuogopa sana, na kila alipopangiwa kazi ya huko alikuwa anafurahi kama aliyepewa likizo.

Walimkuta Esta kwenye banda la kikundi, visu sita vikikata tangawizi kwa pamoja, harufu yake ikichoma pua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Koplo, umenenepa."

"Ni gwanda jipya, mama. Limebana."

Kabla kicheko hakijaisha, kutoka upande wa msituni, ndani kabisa ya ukungu, ng'ombe alilia. Alilia kwa sauti nzito, ndefu, akanyamaza, akalia tena juu kidogo.

"Ng'ombe wa nani huyo?" aliuliza Fadhila.

"Hatumjui," Esta alijibu bila kuinua kisu. "Wiki ya tatu sasa, kila mchana. Wanaume wamemfuata mara mbili ukungu ukawarudisha. Tumetangaza mpaka kanisani, hakuna aliyepotelewa."

"Wiki ya tatu," Fadhila alirudia, akaandika. Kisha akavuta kigoda. "Mama, koplo aliandika kwamba shuka zenu zilishushwa. Zilishushwa kutoka wapi?"

Visu vyote sita vilisimama. Esta alimtazama kama mtu aliyeulizwa mvua inatoka wapi.

"Kutoka hapa. Kwenda Kisiwani."

Akina mama waliangua kicheko. Esta aliwanyamazisha kwa kisu. "Msiwacheke, ni wageni. Mwanangu, huku kwetu kuna kitu kinakauka? Ukianika kanga asubuhi, jioni unaikuta imelowa kuliko ulivyoianika. Kwa hiyo sisi tukitaka kitu kikauke hatusemi tunakianika, tunasema tunakishusha. Tangawizi tunaishusha, mahindi tunayashusha, hata magodoro. Anayetushushia ni Yunus. Tunampa tangawizi pamoja na shuka za kutandika, anaitandaza kwenye jua la kwao siku sita, inatoka kavu kama njiti. Jumatatu anatuletea shuka."

Fadhila hakuthubutu kumtazama Wilbard. Alisikia kalamu yake ikikimbia.

"Na Jumatatu ile, kabla ya wizi, alizileta?"

"Nane, nilizihesabu. Moja ilikuwa na damu, nikamwambia, Yunus, umechinja kwenye shuka yangu? Akacheka, akanionyesha dole gumba. Tangawizi nyingine tulimpa nzima, alikuwa anakata mwenyewe. Nikazirudisha stoo nikifikiri nitaifua."

"Mama, mbona hukutuambia?"

"Mliniambia shuka ya mwizi ina damu mbichi. Ile ya Yunus ilikuwa imekauka, hudhurungi. Nikajua ni shuka nyingine. Na tangu siku hiyo stoo imefungwa, ufunguo anao mzee Loth."

Wilbard alimpa picha. Esta aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, halafu uso wake ukabadilika. "Hii ni yangu. Pindo hili ni la mkono wangu, mikunjo miwili, uzi wa bluu. Nyeupe iliniishia." Akaiweka picha mapajani. "Mungu wangu. Kwa hiyo Yunus yuko ndani kwa damu niliyomcheka mimi?"

"Yuko ndani kwa neno moja, mama," alisema Fadhila. "Neno *mbichi*."

Msituni ng'ombe alikuwa amenyamaza. Haikupita robo saa, mzee Loth akatokea kwenye ukungu, mrefu, koti limelowa, akihema. Alikuwa amesikia gari la polisi limekuja. Fadhila alimwamkia, akamwomba wakae kwenye kizingiti cha stoo, mbali kidogo na masikio ya banda.

"Nasikia mmempata mwizi," alisema mzee, lakini hakuwa na furaha ya mtu aliyeibiwa.

"Tunamalizia maelezo, mzee. Ulisema damu ilikuwa mbichi, inadondoka. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Ilidondokea wapi?"

"Hapa, sakafuni."

"Koplo, siku ile ulikuta damu sakafuni?"

"Maji tu, afande. Damu hata tone. Nimeichora sakafu yote."

"Labda iliingia kwenye saruji," alisema Loth. "Ilikuwa nyekundu. Hata kidole ilinipaka."

Fadhila alifunga daftari. Hakupandisha sauti. "Mzee Loth, damu ile ilikaukia Kisiwani, siku kadhaa kabla hujaiona. Jua la kule liliipiga kila siku na kila siku imebaki imeandikwa humo ndani, mkemia ameisoma. Haikudondoka hapa na haikukupaka kidole. Shuka kavu ukiining'iniza dirishani Mhezi jioni, asubuhi imelowa, na doa la zamani linaweza kumdanganya hata koplo wangu. Ilimdanganya. Lakini wewe hukudanganywa, maana wewe ulisema uliigusa."

"Huenda mwizi aliichukua humo stoo akaining'iniza."

"Huenda. Na mdomo wako umefanyaje?"

Mkono wa mzee ulipaa usoni, lakini Fadhila alikuwa ameshaona tangu alipotokea kwenye ukungu. Kuzunguka midomo yake kulikuwa na alama nyekundu, duara kamili.

"Nimeungua na chai."

"Chai ya kikombe gani hicho, mzee," Wilbard aliuliza kwa upole, "kilichochapa duara zima?"

"Na yule ng'ombe," Fadhila aliongeza, "amenyamaza tangu ulipoanza kuja huku. Koplo wangu anaimba kwaya. Anasema hajawahi kusikia ng'ombe anayepanda noti."

Mzee Loth alijaribu kukasirika, ikashindikana. Kwanza alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyefumaniwa, halafu macho yakajaa machozi, akayapangusa kwa mkono wa koti.

"Kamati ya kanisa iliamua besi wampe Anderson," alisema. "Kijana niliyemfundisha mwenyewe. Ati pumzi yangu imepungua. Mama, hakuna mtu aliyeolewa au kuzikwa huku bila mimi na besi lile, miaka arobaini na moja. Nikasema likipotea miezi miwili mitatu, watasahau uamuzi wao, halafu mimi nitaliokota mahali. Nilivunja kioo, nikachukua shuka ya kwanza niliyoigusa gizani. Asubuhi nikaona ina damu, nikadhani ni ya mbuzi. Koplo alipoiona akasema, damu hii! Nikasema ndiyo, mbichi. Neno likaniponyoka hivyo hivyo."

"Na walipomshika Yunus?"

"Nikasema nitasema kesho."

"Kesho ngapi, mzee?"

Loth alivuta koti lake lililolowa, akajifunika kifua.

"Ulijua binti yake anaolewa Jumamosi?"

"Najua." Sauti ilikuwa ndogo sana kwa kifua kile. "Kadi ya mwaliko iko mezani kwangu."

Fadhila alikuwa mtu wa kicheko, wote kituoni walijua, lakini hapo alikasirika, na alimwambia. "Nimekasirika, mzee wangu. Tarumbeta ni lako wewe na kanisa lako, mtajuana. Lakini yule binti jana alisimama mbele yangu akakataa kuolewa, na wewe kadi yake umeiweka mezani unakunywa nayo chai."

Mzee aliinamisha kichwa. Alipoinua, alisimama. "Liko kwenye kibanda changu cha mizinga. Njooni."

Lilikuwa limefunikwa blanketi mbili, limesuguliwa mpaka linang'aa. Wilbard alilibeba kwa kulikumbatia, shavu kwenye shaba, akiteleza kwenye matope na kukataa kusaidiwa kwa sababu ni kielelezo. Njiani mzee Loth alimsogelea Fadhila.

"Mwanangu, hilo neno la damu mbichi, si ungeliacha tu? Andika nilikosea. Macho ya uzee."

"Nitaliandika kama ulivyolisema. Na nitaandika pia kwamba ulitupeleka kwenye besi kwa miguu yako. Yote mawili ni kweli."

Saa tisa na nusu walikuwa Same, Loth na Esta wakiwa nao garini. Mkuu wa upelelezi alisoma ukurasa wa nne, akasoma maelezo mapya ya Esta, akalitazama besi lililokuwa limechukua nusu ya ofisi yake, akauliza mara mbili maana ya kushusha. Kisha akatia saini Yunus aachiwe. Loth alifunguliwa jalada la kutoa taarifa ya uongo, Esta akamdhamini, akaamriwa kuripoti Jumatatu. Besi Esta alilisainia kwa niaba ya kanisa, kwa sharti la kulitunza mpaka litakapohitajika.

Yunus alitoka nje amekunja kanzu yake kwapani, na kitu cha kwanza alichofanya ni kusimama katikati ya uwanja, akainua uso juani na kufumba macho. Fadhila alimfuata chini ya mwavuli.

"Mzee Yunus, njoo kivulini."

"Niache kidogo, mwanangu. Humo ndani kuna baridi." Alifumbua jicho moja. "Niliwaambia nilijikata na kisu mkacheka. Leo nani amewaambia?"

"Jua."

Alidhani anataniwa. Fadhila akamweleza kwa maneno machache, shuka, pindo, herufi zilizogandana, siku sita za Kisiwani. Yunus alilitazama dole gumba lake, kovu jembamba limebaki, akatikisa kichwa. Kisha akamwona Loth amesimama kando ya gari, kofia mkononi, besi miguuni, Esta nyuma yake.

Loth alisogea hatua tatu. "Yunus. Nililificha mimi, lisikabidhiwe Anderson. Na ile shuka niliiweka mimi. Sikujua ni damu yako, lakini walipokukamata nilijua hukuiba, na nilinyamaza. Naomba unisamehe."

"Kadi uliipata?"

"Niliipata."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Wilbard alianza kuvikagua viatu vyake. Yunus alilizunguka besi mara moja, akaligonga kwa kidole, likatoa sauti ndogo.

"Huyo Anderson anakabidhiwa lini?"

"Sasa limepatikana, Jumapili hii, nadhani," alijibu Esta.

"Basi Jumamosi bado ni lako," Yunus alimwambia Loth. "Lishushe Kisiwani. Utasimama mlangoni kwangu, mbele ya wakwe na wote waliopiga simu kuuliza kama shughuli ipo. Kwanza utawaambia kwa kinywa chako ni nani aliyeliiba. Ukimaliza, utalipuliza mpaka binti yangu atoke. Pumzi ikikuishia kwenye hayo maneno ya kwanza, shauri yako."

Loth alijaribu kusema kitu. Kilichotoka ni "Nitakuja" tu, na alikisema mara mbili.

Getini Salha alikuwa ameshuka kwenye bodaboda, anakuja mbio, mtandio mkononi, akilia kile kilio ambacho jana alikikataa. Yunus alianza kumwendea, halafu akasimama, akageuka. Alimwona Fadhila bado amesimama uwanjani, mwavuli umeinama kwa uchovu, nusu ya shingo yake ikiwa juani. Alirudi, akauchukua mwavuli mkononi mwake, akamshikia vizuri juu ya kichwa, akamsindikiza mpaka barazani, yeye mwenyewe akitembea juani, binti yake akimsubiri.